Roho ya Tatu ya Carnwidden

Saa sita kasoro dakika nne mlango wa ukumbi ulifunguka, na wiki iliyopita gazeti likatuishia hapohapo.

Haya. Aliyeingia alikuwa mzee. Mvua ilikuwa imemlowesha mpaka kwenye mifupa, na kofia ya baharia ilimfunika masikio. Alisimama kizingitini, akavuta kamasi, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni:

"Mimi ni Digory Hosken. Nasikia natafutwa."

Wapangaji arobaini waliokuwa wakila kwenye meza ndefu waliacha kutafuna.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma, nasema mara moja tu. Shamba la Carnwidden limekodishwa kwa roho tatu. Huko Cornwall, Uingereza, ndivyo wazee walivyoandikiana ardhi. Mkulima anataja watu watatu, majina yao yanaandikwa kwenye ngozi ya kondoo, na muda wote ambao hata mmoja wao anapumua, shamba ni la mkulima na watoto wake. Wa tatu akikata roho, ardhi inarudi kwa mwenye nayo siku hiyohiyo, pamoja na nyumba, zizi, na kabichi zilizoko bustanini.

Roho mbili za Carnwidden zilikwisha kwenda. Mzee Zacky Hosken aliuawa na kifua. Dada yake Keziah alimfuata mwaka juzi. Ya tatu, kila mtu alijua, ilikuwa ya ndugu yao Digory, aliyepanda meli miaka kumi na tisa iliyopita na hajaleta hata salamu. Sheria inasema mwenye ardhi akitaka kuonyeshwa roho, aonyeshwe. Bwana Gervase Penhallick alitaka kuonyeshwa leo, kabla ya saa sita mchana kugongwa, siku ileile aliyowaalika wapangaji wake wote kula na kunywa kwa sababu Malkia amempandisha cheo.

Bwana Gervase alikuwa amekaa bungeni miaka thelathini na moja. Sasa ni Lodi, cheo cha mabwana wakubwa wa Uingereza. Lodi huchagua mahali, kisha huitwa kwa jina la mahali hapo, naye alichagua kilima kizuri kuliko vyote katika ardhi yake. Lodi Carnwidden! Kesho anaondoka kwenda London kuapishwa. Kasoro moja tu: juu ya kilima hicho anaishi mjane Loveday Hosken, mkwe wa Zacky, na mabinti zake watatu. Roho ya tatu isipoonekana leo, Loveday hana nyumba.

"Ami Digory," alisema Loveday. "Umerudi."

"Nimerudi, mwanangu."

Msimamizi wa mashamba, Blewett, aliondoa miwani yake, akaifuta, akairudisha.

"Umetoka wapi, Digory?"

"Valparaiso."

"Na kabla ya Valparaiso?"

"Baharini."

"Na kabla ya baharini?"

"Si hapahapa? Au na wewe Blewett umeanza kusahau? Pole, uzee huo."

Wapangaji walicheka. Blewett hakucheka. Lodi aliinua kidole kimoja na kicheko kikazima.

"Sogea, Digory," alisema. Alikuwa na miaka sitini na sita, mnene, uso mwekundu, sauti laini kama siagi. "Mimi na wewe tuliogelea pamoja mtoni tukiwa watoto. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, Bwana Gervase. Ulikuwa unaogopa maji."

"Kweli, niliogopa. Hebu nionyeshe mkono."

Mzee alinyoosha mkono wa kushoto. Vidole viwili havikuwepo. Loveday alishusha pumzi.

"Mashine ya kukatia majani ya farasi," mzee alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

"Najua, nilikuwepo. Damu yako ilinirukia usoni." Lodi alitabasamu vilevile alivyokuwa akitabasamu bungeni mpinzani wake anapomaliza kupiga kelele. "Sasa nionyeshe na ule mwingine."

Mkono wa kulia ukatoka mfukoni taratibu. Ulikuwa na vidole vyote vitano.

"Digory alikatwa vidole vya mkono wa kulia," alisema Lodi. "Umejitahidi, Loveday. Umetafuta mzee, ukatafuta aliyekatika vidole, ukakosea mkono tu."

Yule mzee alimgeukia Loveday kwa hasira. "Si nilikuuliza ni upi?"

"Uliniambia haina shida!"

"Nilisema sidhani kama itakuwa na shida!"

"Huyo ni Sampson Rodda wa Redruth!" mtu alipaza sauti kutoka mwisho wa meza. "Mchimba bati! Alipigana na kaka yangu harusini!"

"Na nilimpiga!" alijibu Sampson.

Ukumbi mzima ulilipuka kwa kicheko. Kisha saa kubwa ikaanza kugonga. Ilipofika mlio wa sita hakuna aliyekuwa akicheka. Ilipomaliza kumi na mbili, Loveday Hosken alikuwa mwanamke asiye na nyumba.

Hapo ndipo Lucian aliposimama. Huyu ni mtoto wa pekee wa Lodi, miaka thelathini na sita, mwembamba, nguo safi, na sauti ambayo sijawahi kuisikia ikipanda.

"Mwiteni askari," alisema. "Huu ni ulaghai mbele ya mashahidi. Mzee aende jela, na aliyemleta naye aende."

"Mzee Sampson hana kosa," alisema Loveday. "Mimi ndiye niliyembembeleza. Nilimpa paja la nguruwe."

"Lenyewe chumvi tupu," alisema Sampson.

"Hakuna anayekwenda jela siku ya karamu yangu," Lodi alisema. "Mzee arudishwe kwao. Mama Hosken aondoke kilimani kabla ya Jumamosi. Blewett, maliza."

Watumishi wawili walimshika Sampson makwapani, wakamtupa juu ya mkokoteni, farasi akachapwa kuelekea Redruth. Mlango ukafungwa.

Basi. Kumaliza mkataba wa roho kuna taratibu zake. Haitoshi kusema umekwisha. Ngozi yenyewe lazima iletwe, majina matatu yasomwe mbele ya watu, na kila jina lipigwe mstari wa wino. Mkataba hufia hapo.

Loveday alikuwa na ngozi hiyo kifuani, imefungwa kwenye kitambaa. Aliambiwa aje nayo, akaja nayo. Aliitoa na kuiweka mezani katikati ya sahani za nyama na keki za zafarani, na wanawake wawili wa jikoni wakageuka wasiitazame.

Ngozi ile ilikuwa haijafunguliwa kwa miaka sitini na sita. Watu wa vilima vile hawasomi majina ya roho. Wanaamini jina la roho likisomwa, mwenye jina anaitwa, na anayeitwa anakwenda. Kwa hiyo huiweka ngozi chini ya jiwe la mekoni na kuiacha hapo. Zacky aliambiwa na baba yake ni roho za nani, akafunga mdomo. Watoto walipomuuliza, alijibu jambo moja tu: "Roho ya tatu msiihofie. Inakula vizuri kuliko sisi sote." Sasa katika familia ile mlafi alikuwa nani? Digory. Basi wakajua ni Digory, na kijiji kizima kikajua ni Digory. Nakala ya ofisini ililiwa na panya zamani, na msimamizi wa wakati huo akaandika kwenye daftari lake kile ambacho kila mtu alikijua.

"Mwandiko wa zamani huu," alisema Blewett akikunja uso. "Kasisi, wewe ndiye mwenye macho ya vitabu."

Kasisi Tregenza alifuta vidole vyake vya mafuta na kuishika ngozi. Blewett alichovya kalamu.

"Mwaka elfu moja mia saba tisini na nne," Kasisi alisoma. "Hannibal Hosken, mkulima, atalishika shamba liitwalo Carnwidden kwa roho tatu zifuatazo. Ya kwanza, Zachariah, mwanawe, umri miaka sita."

Kalamu ikakwaruza. Mstari.

"Ya pili, Keziah, bintiye, umri miaka minne."

Mstari.

"Ya tatu..."

Kasisi aliisogeza ngozi kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama, akamtazama Lodi, akaitazama tena.

"Endelea, Kasisi," alisema Lucian. "Nyama inapoa."

"Ni kwamba..."

"Huwezi kuusoma mwandiko?"

"Mwandiko ni mzuri sana, bwana." Kasisi aliweka kidole kwenye mstari. "Ya tatu, Gervase, mtoto wa kiume wa Bwana Thomas Penhallick wa nyumba hii, umri wiki tatu."

Mvua ilisikika vizuri madirishani.

"Soma tena," alisema Lodi.

Kasisi alisoma tena. Jina lilikuwa lilelile.

Lodi alinyoosha mkono, akaichukua ngozi, akaisogeza puani kama watu wanaokataa kuvaa miwani. Alitazama chini kabisa, kwenye sahihi.

"Huo ni mkono wa baba yangu," alisema polepole. "Na hiyo ni mihuri yetu."

Hannibal Hosken hakuwa mjinga, msomaji. Enzi zile mtoto wa mkulima alizaliwa leo na kuzikwa wiki ijayo. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuzika watatu. Sasa ukitaka roho ya kudumu, unaitafuta wapi? Unaitafuta palipo na daktari, maziwa ya ng'ombe wawili, na yaya wa kukesha. Alikwenda nyumba kubwa wiki mtoto wa bwana alipozaliwa, akamkuta Bwana Thomas amejaa furaha na mvinyo, akamwomba aruhusiwe kumwandika kichanga. Bwana Thomas alicheka akatia sahihi. Miaka miwili baadaye farasi alimuua, na siri akaondoka nayo.

"Kwa hiyo roho ya tatu," alisema Loveday kwa sauti ya mtu anayeamka usingizini.

"Ni mimi."

"Na iko hai."

"Mpaka asubuhi hii ilikuwa hai."

Lodi Carnwidden akaanza kucheka. Kilianza kama kikohozi, kikawa kicheko, tumbo likamtikisika, vifungo vikalalamika. Wiki nzima ameitafuta roho hiyo ifutwe, kumbe anaivalisha soksi kila asubuhi! Wapangaji walipoona bwana anacheka wakacheka na wao, wakapiga meza, bia ikamwagika. Lodi alicheka mpaka kicheko kikageuka tena kikohozi, akainama, uso ukawa wa zambarau.

Wa kwanza kumfikia alikuwa Loveday.

"Maji! Mpeni maji! Wewe Blewett, umesimama tu kama mlingoti, funga dirisha, kuna upepo! Nani amemrundikia mafuta yote haya mtu wa umri huu?" Akaiondoa sahani.

"Mwanamke, rudisha nyama yangu," Lodi alisema akitweta.

"Si yako tena, Bwana Gervase. Tumbo lako ndilo paa la nyumba yangu."

Kicheko kilirudi, kikubwa kuliko cha kwanza. Lodi alijifuta machozi kwa kitambaa. Na alipokishusha kitambaa, alimwona mwanawe.

Lucian alikuwa hacheki. Hakuwa amekasirika pia. Alikuwa anamtazama baba yake jinsi fundi anavyoutazama mti: urefu wake, unene wake, na upande utakaoangukia.

"Lucian," alisema Lodi. "Wale watu wa udongo. Uliwaahidi kuwapa kilima ifikapo lini?"

Chini ya majani ya Carnwidden kuna udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kaure, na kuna kampuni iliyokuwa ikiuhitaji kufa na kupona. Hilo tulilijua. Tusilolijua ni hili:

"Mwisho wa Septemba, baba."

"Wiki tano. Uliniambia hujatia sahihi."

"Nilitia."

"Uliweka nini rehani?"

"Nyumba hii," Lucian alijibu. "Pamoja na mengine."

"Na kilima kisipopatikana?"

Lucian alinyoosha mikono ya shati lake, mmoja baada ya mwingine.

"Kitapatikana," alisema.

Alilisema taratibu, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na mawingu. Hata hivyo mzee mmoja mwisho wa meza aliweka uma wake chini, na jirani yake akaweka wake. Watu walikuwa wamepiga hesabu. Mtu mmoja humu ndani lazima afe ndani ya wiki tano, la sivyo mtu mwingine humu ndani ameangamia.

Loveday alimwinamia Lodi sikioni. Lakini mwanamke aliyezoea kuita kondoo mlimani hajui kunong'ona, na kila mtu alisikia.

"Bwana Gervase, kesho unasafiri na nani?"

"Na Lucian."

"Gari la nani?"

"La Lucian."

"Na huko London utalala kwa nani?"

Lodi alimtazama mwanawe.

"Wiki nzima nimekuombea mabaya," alisema Loveday. "Jumanne nilikuombea kipindupindu, Mungu anisamehe. Nafuta yote. Duniani hapa leo, anayetaka uishi ni mimi."

"Maneno ya kijinga," alisema Lucian.

"Ni ya kijinga?" baba yake alimuuliza. "Basi sema kitu chenye akili, mwanangu. Sema tu kwamba utakwenda kuwaomba wale watu wakuongezee muda."

"Hawataongeza."

"Ulishawaomba?"

"Mara mbili."

Lodi alitikisa kichwa. Alionekana mzee ghafla.

"Kuna njia," Loveday alisema. "Ongeza roho."

Ilikuwepo njia hiyo, na Blewett mwenyewe aliikubali kwa shingo upande alipoulizwa. Mwenye ardhi akipenda, anaweza kuandika jina jipya chini ya yale ya zamani, kwa mkono wake, wakati wowote kabla roho ya mwisho haijatoka. Mkataba unaanza kuishi upya kwa jina hilo.

"Andika mtoto mdogo," Loveday alisema. "Ukifa kesho, ukifa keshokutwa, kilima hakimwendei mtu. Kufa kwako kutakuwa hakuna faida kwa yeyote. Watakuacha ulale."

Tazama mtego huo. Akiandika, anakitoa kilima chenye jina lake kwa miaka mingine hamsini, na Lodi Carnwidden atazikwa bila kukaa Carnwidden hata siku moja. Asipoandika, kesho saa mbili asubuhi anapanda lile gari.

Lodi aliinua kalamu.

"Unataka nimwandike nani?"

"Jenifer wangu. Ana miaka tisa, hata surua hajaugua."

"Hapana."

"Jenifer ni rahisi mno," alisema Lodi, na alikuwa hamtazami Loveday, alikuwa anamtazama mwanawe. "Watoto wa mlimani huanguka visimani. Huteleza mtoni. Nani ataulizwa? Mimi nataka roho ambayo bwana huyu ataitunza kuliko mboni ya jicho lake. Kasisi, sogeza wino."

Aliandika mwenyewe, na alisoma kwa sauti huku akiandika.

"Ya nne. Lucian. Mwanangu. Umri miaka thelathini na sita."

"Ukikitaka kilima, mwanangu," alisema Lodi akiweka kalamu chini, "itabidi ufe kwanza."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wa Lucian ulibadilika. Ulitoka rangi kuanzia midomo. Loveday alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili, hajui kama alie au acheke.

"Mashahidi wawili," Blewett alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Wasiwe wa nyumba hii, wasiwe wa Hosken. Bila mashahidi hayo ni maandishi tu."

"Kasisi," alisema Lodi.

Kasisi Tregenza aliichukua kalamu. Kisha aliinua macho, yakakutana na ya Lucian, na kalamu ikasimama hewani.

"Mheshimiwa... mimi nina watoto saba."

"Sikukuuliza idadi."

"Kanisa ni la nyumba yenu kumpa mnayemtaka. Paa ninalolalia ni lenu. Leo ni lako, Mheshimiwa. Kesho..." Aliilaza kalamu mezani kwa upole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.

"Haya," alisema Lodi, akawageukia wapangaji. "Mko arobaini. Nawataka wawili."

Hakuna aliyeinuka.

"Trewin! Nilimtafutia mwanao kazi bandarini kwa mkono wangu."

Trewin alitazama viatu vyake.

"Hocking!"

"Macho yangu mabovu, Bwana Mkubwa. Sioni hata pa kutia sahihi."

"Juzi ulimpiga sungura risasi akiwa ng'ambo ya bonde!"

"Yameharibika jana."

Kwa kawaida maneno hayo yangewavunja mbavu. Hakuna aliyetabasamu.

Katika nchi ile kura haipigwi kwa siri. Siku ya uchaguzi mtu hupanda jukwaani akataja kwa sauti jina la anayemtaka, na msimamizi wa mashamba husimama chini akisikiliza. Kwa miaka thelathini na moja wanaume hawa walipanda jukwaa lile, na kabla ya kufungua mdomo walitazama kwanza jicho la Penhallick limeelekea wapi. Aliyekosea hakuila Krismasi kwenye shamba lake. Bwana Gervase aliwafundisha hivyo, akaenda bungeni kwa midomo yao, akapata ulodi kwa midomo yao.

Sasa aliwatazama mmoja mmoja, na wao, wanafunzi wazuri, walitazama jicho la bwana wao limeelekea wapi. Bwana wa kesho. Lucian alikuwa anamenya tufaha.

"Jamani," alisema Loveday. "Mnanijua mimi. Hocking, nilimzalisha mkeo. Trewin, nani alikulindia ng'ombe ulipovunjika mguu? Sahihi tu! Hata alama ya msalaba!"

"Dada, usitulaumu," Trewin alisema bila kuinua kichwa. "Na sisi tuna roho zetu kwenye ngozi zake."

Ndipo kiti kikakwaruza sakafu.

Wote waligeuka. Aliyesimama alikuwa Blewett. Miaka ishirini na minne amekula mkate wa Bwana Gervase, miaka ishirini na minne amesimama nyuma ya kiti chake. Alivua miwani, akaiweka mfukoni, akaja taratibu mpaka meza kuu. Lodi alimtazama na macho yakamlowa.

"Blewett," alisema. "Nilijua wewe hutaniacha."

Blewett hakuichukua kalamu. Aliichukua ngozi.

Aliishika kwa ncha mbili kama mtu aliyebeba kitambaa kilicholowa, akapiga hatua tano mpaka mekoni, ambapo makaa ya mawe yalikuwa yamewaka tangu alfajiri, akainama, akailaza juu yake.

"Blewett!" Lodi alijaribu kuinuka. Unene ulimrudisha kitini.

Lucian alikula kipande cha tufaha, akakimeza. Kisha akawageukia watu arobaini, mchana kweupe, pazia wazi, akawauliza kwa sauti yake ileile isiyopanda:

"Kuna mtu yeyote humu ndani aliyeona kitu?"

Macho ya watu arobaini yaliingia kwenye sahani.

"Hocking?"

"Nimeshasema, bwana. Macho."

"Kasisi?"

"Nilikuwa... nilikuwa nasali."

"Vizuri," alisema Lucian.

Lakini ngozi ya kondoo si karatasi. Haishiki moto mara moja. Inajikunja, inasinyaa, inatoa harufu ya nywele zinazoungua, na kwa muda mfupi maandishi yanabaki yakisomeka. Loveday aliyaona majina. Hakupiga kelele. Alipita juu ya benchi, akamsukuma Blewett kwa bega, akapiga magoti, na akaingiza mkono wake wa kulia ndani ya makaa mpaka kwenye kiwiko.

Lucian aliweka tufaha chini. Bila haraka yoyote alimwendea, akainama kando yake, na akaokota chuma cha kuchochea moto.